Sukuma Kabla ya Kuvuta

"Umeusukuma?"

Baba aliniuliza hivyo mara tatu, na mara zote tatu nilimjibu habari za kuvuta. Nimeuvuta kwa mkono mmoja, nimeuvuta kwa mikono miwili, nimekanyaga ubavu wa gari nikavuta mpaka ngozi ya kidole ikachubuka. Yeye alikuwa Tanga, ametoka kuswali alfajiri, anasubiri chai. Mimi nilikuwa South Dakota, Marekani, kwangu bado ni saa mbili usiku, nimepiga magoti kwenye nyasi kavu, tochi nimeibana kwapani, simu nimeiegemeza kwenye tairi. Upepo wa nchi ile isiyo na miti ulikuwa unapita chini ya gari kama maji.

"Baba, mlango umegoma. Nikiusukuma si ndiyo nazidi kuufunga?"

"Mwanangu, nimekuuliza neno moja. Umeusukuma?"

Sikuwa nimeusukuma.

Ngoja nieleze ni mlango gani. Mimi na mke wangu na watoto wetu wawili tunaishi Minnesota, na miaka michache iliyopita tulichangishana fedha na shemeji yangu tukanunua motahomu iliyokwisha kutumika. Ni gari la futi 30 hivi, lina vitanda, jiko, choo na meza ya kulia. Unaliendesha mwenyewe na unalala humo humo. Ukiliona kwa mbali utadhani ni basi, na kwa kweli limejengwa kama basi: chini kuna chasisi ya lori, juu yake bodi, na chini ya sakafu, kila ubavu, kuna mabuti yaliyopangana. Wenye magari haya huku huyaita besimenti. Humo ndimo unamokaa mpira wa maji, waya mnene wa umeme, bomba la majitaka, viti vya kukunja, na kila kitu ambacho hutaki kiingie ndani na matope yake.

Letu lina milango saba ya namna hiyo. Uliogoma ni wa ubavu wa kulia, wa pili kutoka nyuma. Ndani yake kulikuwa na jiko la mkaa, mfuko wa mkaa, sanduku la spana, na zile mbao za kuweka chini ya magurudumu ili gari likae sawa. Nyama ya mishikaki ilikuwa kwenye viungo tangu asubuhi. Watoto walikaa kwenye ngazi na makoti yao wakinitazama, na mke wangu alikuwa amekwisha kusema, kwa upole, kwamba wali na maharage pia ni chakula.

Tulikuwa tumekwenda zaidi ya kilomita 800 kwa siku mbili, barabara kuu ya I-90 kuelekea magharibi, tukavuka mto Missouri, tukasimama karibu na mji mdogo wa Wall. Pale nje ya Hifadhi ya Taifa ya Badlands kuna ardhi ya umma ya nyasi iitwayo Buffalo Gap, na sehemu zake unaruhusiwa kulala bila kulipa. Udongo wa upande ule ni mfinyanzi uliochanganyika na majivu ya volkano ya zamani mno. Ukilowa unanata kama gundi, na ukikauka unakuwa vumbi laini kama poda. Vumbi hilo lilikuwa limepaka gari zima rangi ya kijivu, kwa hiyo nilipoona mlango haufunguki sikufikiri mara mbili: vumbi limeingia kwenye kitasa. Nikachukua kopo la WD-40 lililokuwa kwenye droo ya jikoni nikapulizia tundu la ufunguo mpaka mafuta yakachuruzika kwenye rangi.

Na hapa ndipo nilipopaswa kusimama nifikiri, kwa sababu ufunguo ulikuwa unazunguka vizuri kabisa. Uliingia, ukazunguka, ukatoa mlio wake ule ule wa siku zote. Kilichokuwa kigumu ni mpini. Mimi nikaendelea kushughulika na tundu la ufunguo kwa dakika arobaini.

Baba aliingia utingo mwaka 1978, akaja kuwa dereva, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliishi kwenye njia ya Tanga na Dar es Salaam, kupitia Segera na Chalinze. Hajawahi kupanda motahomu. Nilimpigia kwa sababu nilijua alfajiri ile yuko macho, na nilitaka kumsalimu kabla sijakata tamaa. Baada ya shikamoo na marahaba akasikia sauti yangu haiko sawa, akauliza, nikamweleza. Akataka nigeuze kamera aone. Nikammulikia mlango.

"Huo ni mlango wa buti la basi," akasema. "Mwite mama watoto ashike mpini. Wewe weka viganja chini ya mlango, pembeni, usukume kuelekea ndani. Ukishasukuma, yeye avute. Asivute kabla."

Tukafanya hivyo. Upande wa kushoto wa mlango ukalia *tak* na kujiachia kama sentimita moja. Wa kulia ukabaki umeshika.

"Basi," akasema Baba. "Upande mmoja umekuachia. Huo uliobaki si wa kitasa tena, ni wa gari. Gari limekaaje?"

Nikamulika chini. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa limezama kwenye shimo, pengine la mvua ya siku nyingi, kina chake kama kiganja kilichosimamishwa. Nilikuwa nimeliona nilipoegesha. Nilijiambia nitaweka mbao baadaye.

"Liondoe hapo."

"Baba, mbao za kulinyanyua ziko ndani ya hilo hilo buti."

"Mbao za nini? Gari si lina magurudumu? Lisogeze."

Nikawasha injini, nikarudi nyuma kama mita kumi hadi kwenye changarawe tuliyoingilia. Nikashuka. Mlango ulifunguka kwa vidole viwili, na mfuko wa mkaa, ambao muda wote huo ulikuwa umeuegemea mlango kwa ndani, ukanidondokea miguuni. Tulikula mishikaki saa tano kasoro usiku. Baba hakukata simu mpaka alipouona moto.

Nimeandika haya kwa sababu tangu siku ile nimefungua vitasa vingi, vyangu na vya watu tunaokutana nao kambini, na nimefikia mahali pa kuamini jambo moja: kitasa cha buti kinapogoma, mara nyingi kitasa chenyewe ni kizima. Kilichobadilika ni mlango, au fremu, au jinsi gari lilivyokaa. Lakini kwa kuwa mkono wetu uko kwenye kitasa, hasira yetu inaishia kwenye kitasa.

Elewa kinavyofanya kazi ndani. Katika mlango wetu, mpini uko katikati. Kutoka kwenye mpini vinatoka vyuma viwili vyembamba, kimoja kinakwenda kushoto, kimoja kulia, na mwisho wa kila kimoja kuna komeo lenye ukucha. Ukucha huo unashika boliti iliyosimama kwenye fremu ya gari. Ukivuta mpini, vyuma vinavutwa, kucha zote mbili zinaachia, mlango unanyanyuka. Ufunguo kazi yake ni kuzuia mpini usivutwe, basi. Sasa kama kuna kitu kinausukuma mlango kuelekea nje, iwe ni mpira wa kuzuia maji uliovimba, mzigo ulioegemea kwa ndani, au fremu iliyopinda, ukucha unaing'ang'ania ile boliti kwa nguvu kuliko nguvu ya mkono wako. Ukivuta mlango unaongeza mng'ang'anio. Ukisukuma unaupunguza, na ukucha unapata nafasi ya kuachia. Ndiyo maana Baba hakutaka kusikia habari za kuvuta.

Kuhusu fremu kupinda: chasisi ya lori si ukuta wa zege. Imetengenezwa ijikunje kidogo, isipojikunja ingekatika. Gurudumu moja likizama, chasisi inajinyonga, na bodi iliyo juu yake inafuata. Uwazi wa buti uliokuwa na pembe nne sawa unalala upande kidogo, lakini mlango wenyewe unabaki na umbo lake. Milimita tatu au nne zinatosha. Baba anasema hata basi lake, likisimama kupakia huku tairi moja liko kwenye mtaro, abiria wangesubiri mizigo yao mpaka alisogeze, na konda mgeni siku zote alidhani komeo limeharibika.

Jeki za kulisawazisha gari nazo zinaweza kufanya hivyo hivyo. Wengi wetu tunafika, tunaona pembe moja iko chini, tunashusha jeki ya pembe ile peke yake, tunaunyonga mwili mzima wa gari kwa mkono wetu wenyewe. Siku hizi nashusha mbili kwa pamoja, za mbele au za nyuma, na kabla sijashusha yoyote nafungua kila buti nitakalolihitaji usiku huo. Wa kwetu wa kiume, ana miaka tisa, ndiye mwenye kazi hiyo. Anazunguka gari na funguo, anafungua milango saba, anarudi kuniambia "tayari Baba", ndipo nagusa kitufe.

Lakini kuna siku kosa liko kwenye kitasa kweli. Namna ya kujua ni kujiuliza, kabla hujashika kopo lolote, ni kitu gani hasa kilichokataa. Ufunguo ukikataa kuingia, kuna uchafu, barafu, au kipande cha ufunguo mwingine kilichokatikia humo. Ukiingia ukakataa kuzunguka, tazama ufunguo wenyewe kwanza. Ufunguo wa mfukoni huchongwa kutokana na ufunguo mwingine uliochongwa kutokana na mwingine, na kila mara meno yanapoteza kidogo. Tafuta ule wa asili, aghalabu umelala kwenye droo na haujachakaa. Ingiza, rudisha nyuma kwa unene wa ukucha wako, halafu jaribu kuzungusha kwa upole huku ukiuchezesha. Ukitumia koleo kuuzungusha utaukata, na hapo tatizo la dakika tano linakuwa la siku nzima. Ukizunguka bila kugusa kitu, kama unakoroga hewa, nati ya nyuma imelegea na ulimi wa kitasa, kile kibati kinachozunguka na kushika fremu, unaning'inia au umeanguka ndani ya buti. Na ukizunguka sawasawa halafu mpini ukawa mgumu, hapo rudi juu kasome tena habari za kusukuma.

Kama magari mengi ya namna hii, pengine lako lina buti linalopenya kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Basi fungua upande mwingine, ingia na tochi na mti wa fagio, usukume kile chuma chembamba kwa ndani. Letu lina tangi la maji katikati, njia hiyo hatuna. Na kwenye magari yenye vitasa vya umeme, bonyeza kitufe usikilize: ukisikia mlio ndani ya mlango, umeme unafika na kilichokwama ni chuma, usiposikia chochote, angalia fyuzi na betri ya volti 12 kabla ya kubomoa kitu.

Sasa mafuta. Hili limenigusa kwa sababu nililikosea kwa miaka. Ile WD-40 ambayo kila nyumba ya huku ina kopo lake ilitengenezwa San Diego mwaka 1953, na jina lake linaeleza kazi yake: WD ni kifupi cha "water displacement", yaani kuondoa maji, na 40 ni namba ya jaribio lililofaulu. Inafukuza maji, inalegeza kutu, inasafisha uchafu uliogandamana. Kwa kazi hizo ni nzuri, na silinda, yaani kile kiini cha kitasa kinachopokea ufunguo, ikijaa tope unaweza kuisafisha nayo. Lakini inaacha utando mwembamba wa mafuta, na vumbi la Badlands likikutana na utando huo linakaa humo kama liliitwa. Kwa hiyo ukishasafisha, acha ikauke, uifute, kisha weka kilainishi kikavu: unga wa grafaiti (ile nyeusi ya ndani ya penseli), au kile cha kupulizia chenye tefloni kinachokauka. Chagua kimoja. Grafaiti ukiiweka juu ya mafuta inageuka kuwa tope jeusi zito, na nimewahi kufungua silinda iliyojaa tope hilo. Vibati vyake vidogo vya ndani havikuweza hata kushuka. Makomeo ya pembeni ni jambo jingine. Yale yanahitaji grisi nyeupe kidogo, maana yanabeba nguvu. Mpira wa mlango unahitaji silikoni, usinate kwenye rangi.

Jambo ambalo kopo halitibu ni kile kitasa kilichooza. Vitasa vingi vya mabuti ni vya aloi ya zinki iliyopakwa kromu juu, vimefungwa kwenye mlango wa alumini, mara nyingi kwa skrubu za chuma. Metali tatu tofauti, ukizipa maji ya chumvi zinaanza kulana. Utaona unga mweupe kuzunguka kitasa, kisha kromu inavimba kama ngozi iliyoungua. Minnesota wanamwaga chumvi barabarani msimu mzima wa baridi, na gari likipita Machi lote linarudi na ukoko mweupe hadi kiunoni. Mara ya kwanza kuona ule unga nilikumbuka nyumba ya bibi, mita mia chache kutoka baharini, na kitasa cha mlango wake wa uani kilichokuwa kikitoa unga ule ule. Bibi alikuwa akikiosha kwa maji baridi ya kisima, yasiyo na chumvi, kila Ijumaa, akikifuta kwa kanga kuukuu, akikipaka mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi sikushauri, huku yanaganda mara joto likishuka. Lakini kuosha kwa maji baridi, kufuta, kupaka kitu, ndiyo huduma yenyewe, na mimi sasa nafanya hivyo kila tunaporudi safari ya majira ya baridi.

Ningependa kusema kidogo juu ya gereji moja. Mwaka wa kwanza, kabla ya usiku wa mishikaki, mlango ule ule ulianza ugumu, nikalipeleka gari kwa watu wa kazi hiyo. Walibadilisha vitasa vitatu, wakanitoza dola 400 na kitu, wakanikabidhi funguo mpya zinazong'aa. Baada ya wiki mbili mlango ukarudi pale pale. Sidhani kama walikusudia kuniibia. Nadhani walifanya nilichofanya mimi: waliona kitasa, wakatibu kitasa. Hakuna aliyefungua mlango akatazama boliti ya upande wa pili. Lakini fedha ile ilikuwa ya mafuta ya safari nzima, na iliniuma, na bado inaniuma.

Boliti ndiyo iliyosema kweli. Asubuhi ya pili pale Buffalo Gap, jua lilipotoka, nilimpigia Baba picha za fremu. Boliti ya kushoto ilikuwa na alama ya kung'aa katikati, pale ukucha unaposhikia. Ya kulia ilikuwa imelika upande wa chini tu, na juu yake rangi nzima haijaguswa. Kwake ilikuwa jioni. Akajibu kwa sauti, anaongea taratibu kama anaelekeza utingo mpya:

"Hiyo ya kulia mlango unaikalia. Bawaba imelegea, mlango umeshuka upande huo, kwa hiyo kila ukifunga, ukucha unagonga chini ya boliti badala ya kuikumbatia. Tazama bawaba kwanza. Ukikuta ribiti imelegea, usiguse boliti mpaka umerekebisha bawaba. Ukianza na boliti utakuwa unaufuata mlango mbovu."

Nikatazama. Ribiti mbili za bawaba upande wa kulia zilikuwa zinacheza; ungeweza kuzizungusha kwa kidole. Pale porini nilizitoa nikaweka boliti ndogo na nati, na washa pana kwa ndani ili bati lisichanike. Mlango ukapanda. Kisha nikalegeza ile boliti ya fremu kidogo sana, nikapaka rangi ya mdomo ya mke wangu kwenye ukucha, nikafunga, nikafungua, nikaona alama imeangukia wapi. Nikasogeza, nikafunga tena. Mara ya nne alama ikaanguka katikati. Rangi ya mdomo ni wazo la mke wangu, na ni bora kuliko chaki, haipeperuki.

Kuna jambo jingine lililotokea kambini siku mbili baadaye ambalo sijawahi kulisahau, na ni la usalama. Mzee mmoja, jirani yetu wa kambi, alikuja kutazama kazi yangu. Tukazungumza. Akatoa ufunguo wake mfukoni, ufunguo mdogo bapa, akaniambia nimruhusu ajaribu. Akauingiza kwenye buti letu la mbele, moja ya yale ambayo gereji haikuyagusa. Likafunguka. Akanionyesha maandishi kwenye ufunguo wake: CH751. Nikatazama wangu: CH751.

Ufunguo huo umetumika kwa miaka mingi kwenye vitasa vya mabuti vya magari na trela za kulala kutoka kwa watengenezaji wengi mno, na unauzwa madukani na kwenye mtandao kwa bei ya soda. Mzee yule alitaka tu nijue, na nilimshukuru kwa moyo wote. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimeweka kwenye buti lile baiskeli za watoto na, Mungu anisamehe, bahasha yenye nakala za pasipoti zetu. Ukiwa na gari la namna hii, tazama funguo zako leo. Ukiona CH751, usiweke humo kitu ambacho huwezi kukipoteza mpaka umebadilisha.

Kubadilisha si kazi kubwa. Kile kitasa kidogo cha ulimi unaozunguka kimeshikwa na nati moja kwa nyuma, au kibano cha bati. Toa skrubu ya ulimi, toa nati, kitasa kinatoka kwa mbele. Tundu lake kwenye mlango kwa kawaida ni la milimita 19, na pande zake mbili zimenyooka ili kitasa kisizunguke. Pima unene wa mlango kabla ya kuagiza, maana silinda ikiwa fupi nati haitashika, na ikiwa ndefu ulimi utapita mbali na fremu na mlango utagongagonga njia nzima. Tunza ulimi wa zamani, ulinganishe na mpya. Kama mpya umenyooka na wa zamani una kiwiko, tumia wa zamani. Sisi tuliagiza vya ufunguo wa duara, vyote vinafunguliwa na ufunguo mmoja. Fundi hodari atavifungua, lakini si kila mpita njia.

Na kama hakuna kilichosaidia, drili. Nimefanya hivyo mara moja tu, kwa gari la mtu mwingine, baada ya kusukuma, kusogeza, kusafisha na kungoja. Anza na biti ya milimita 3 pale juu kidogo ya tundu la ufunguo, ongeza taratibu, vaa miwani, na ujue kilicho nyuma ya mlango kabla ya kutoboa: waya, bomba, betri. Mlango wa buti la mtungi wa gesi usiuguse kwa drili wala kwa moto. Mimi ule siufungi kwa ufunguo kabisa, ili siku ya hatari yeyote aliye karibu aweze kuifunga gesi.

Kwa baridi ya kwetu Januari, inayoshuka chini ya nyuzi 20 za hasi, kitasa kinaganda kwa maji machache tu yaliyolala ndani. Watu humwaga maji ya moto. Yatafungua, kisha yataganda upya na zaidi, na rangi inaweza kupasuka. Tumia spiriti ya hospitali, matone machache, au draya ya nywele kama umeme upo, ukipasha mlango kuzunguka mpira pamoja na kitasa, maana mara nyingi ni mpira ulioganda kwenye bati. Na kabla ya kuvuta, sukuma. Barafu inavunjika vizuri zaidi kwa kusukumwa.

Mlango ule wa kulia sasa una boliti zilizonyooka na bawaba mpya iliyowekwa majira ya kuchipua. Mpira wake umeanza kuchanika pembeni, nimekwisha agiza mwingine. Mbao za kusawazishia gari zimehama besimenti. Ziko chini ya benchi la meza ya kulia, pamoja na spana mbili, bisibisi na tochi. Mke wangu hakupenda mwanzoni kwa sababu ya udongo, kwa hiyo tumezivisha gunia. Wiki iliyopita Baba alipiga, na kabla hata hatujamaliza salamu akauliza kama ile ribiti ya tatu nimeitazama.

Nikamwambia nitaitazama Jumamosi. Akasema atapiga Jumamosi.